Anafuatwa mpaka mlangoni mwa hosteli, chuo kinasema "bado hajafanya kitu". Wakuu, tufanyeje?

#1 Kaka_Mkubwa_Wao · Jumanne, saa 3:12 usiku

Wakuu, habari za jioni.

Nina mdogo wangu wa kike, mwaka wa pili, chuo kimoja cha mkoani, sikitaji. Februari aliachana na kijana mmoja. Yeye ndiye aliyeacha. Tangu hapo huyo kijana hajampa nafasi ya kupumua. Akitoka pindi yuko chini ya mti. Akienda kantini yuko meza ya tatu. Kashabloku namba kumi na moja, akifunga moja inakuja nyingine. Juzi saa saba usiku kasimama nje ya hosteli, kamtumia ujumbe: "Umezima taa mapema leo."

Binti kaenda kwa mshauri wa wanafunzi, kaambiwa mapenzi ya vijana hayo, yatapita. Kaenda kituo cha polisi, kaulizwa: amekupiga? Hapana. Amekutukana? Hapana. Sasa tuandike nini? Akifanya kitu, uje.

Mimi niko Mwanza. Mama hajui. Baba nikimwambia atapanda basi la alfajiri na panga lake. Nauliza tu, nchi hii mpaka mtu akukate ndiyo iwe kesi?

#2 Siti_ya_Mbele · saa 3:15

Nimekaa. Wajuzi waje.

#3 Kiroboto wa Uyole · saa 3:21

Tafuta wana wanne, wampeleke pembeni wakamweleze kwa lugha anayoielewa. Hela ya soda utatoa wewe. Hayo ya ofisini ni kupoteza nauli.

#4 Nyamizi_ · saa 3:34

Kiroboto, wana wako wakimtoa jino, atakwenda kituoni anavuja damu, atapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, atafungua kesi, na kesi itasonga kuliko ya binti. Kaka mtu analala ndani, jamaa anabaki na bandeji anaonewa huruma na chuo kizima. Nimeyaona haya kwa macho, kwa binamu yangu. Mpaka leo yule mfuataji anasimulia mtaani kwamba yeye ndiye aliyeonewa.

#5 Wakili wa Uswazi · saa 3:58

Poleni, ndugu. Aliyemwambia binti "tuandike nini" ama alikuwa amechoka ama hajui kazi yake. Ni kweli kwamba kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hutakuta kosa lenye jina la kumfuatafuata mtu. Lakini vipande vyake vipo:

Kutisha kwamba utamdhuru au utamuua mtu, kwa nia ya kumtia hofu: kifungu cha 89. Halafu kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, kinachokataza kumtumia mtu ujumbe kwa lengo la kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Hapo adhabu ni faini mpaka milioni 5 au jela miaka 3. Namba kumi na moja pamoja na "umezima taa mapema" vinaingia humo bila kusukumwa.

Na laini zote siku hizi zimesajiliwa kwa alama za vidole. Mwenye namba anajulikana, ni suala la polisi kuandika barua kwa kampuni ya simu.

#6 Mzee_wa_Tandika · saa 4:05

Kabla hatujafika mbali na vifungu. Kaka, mdogo wako alikula hela ya mtu?

#7 Siti_ya_Mbele · saa 4:06

Haya, limekuja.

#8 Bi_Shumari · saa 4:19

Wakili, sahihisho mbili kwa heshima. Kwanza si faini "mpaka" milioni 5, ni isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Neno moja hilo lina uzito wake mahakamani. Pili, Sura ya 16 ni ya kwenu Bara. Sisi Zanzibar tuna Sheria ya Adhabu ya 2018, namba 6. Ile ya mtandao ndiyo inayovuka bahari.

Na wewe mzee wa Tandika, hela ikishaliwa ndo binti asilale?

#9 Wakili wa Uswazi · saa 4:23

Nimekubali zote mbili, Bi Shumari. Niliandika kwa kumbukumbu nikiwa kwenye daladala.

#10 Mzee_wa_Tandika · saa 4:31

Mimi sijasema asilale. Nimeuliza kwa sababu nina miaka 58 na nimesuluhisha kesi hizi nyingi nikiwa balozi wa nyumba kumi. Kijana anauza kiwanja cha baba yake, analipia binti hosteli, binti akipata bumu, hela ya mkopo wa chuo, anapata na bwana mwingine. Halafu mnashangaa kijana kachanganyikiwa. Ukitaka kutibu ugonjwa, uliza chanzo.

#11 Akinyi_wa_Pwani · saa 4:52

Poleni sana kutoka Mombasa. Mzee, hayo maneno yako tuliyasikia hapa Kenya Aprili 2019. Msichana wa mwaka wa sita wa udaktari, Chuo Kikuu cha Moi, aliuawa kwa shoka Eldoret, mchana, nje ya hospitali ya rufaa, na mtu aliyesafiri kutoka mbali kuja kumtafuta. Kabla hata hajazikwa, mitandao ilikuwa imejaa "alikula pesa zake". Watu walikuwa wanamhesabia marehemu nauli. Muuaji alifungwa miaka 40, lakini kesi ilichukua karibu miaka mitano, na yale maneno hakuna aliyekuja kuyafuta.

Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya 2015 inataja kufuatwafuatwa waziwazi, na si lazima muwe mmeoana, hata uhusiano wa karibu unatosha. Unaenda kortini unaomba amri ya ulinzi. Kutishia kuua nako ni kifungu cha 223, mpaka miaka 10.

#12 Kiroboto wa Uyole · saa 4:57

Na bado mnazikana kila wiki. Januari 2024 mliandamana nchi nzima. Sheria zimesaidia nini?

#13 Akinyi_wa_Pwani · saa 5:03

Niliandamana, viatu vyangu vilikatikia barabarani. Amri ya korti ni karatasi, najua. Lakini ukiwa nayo mkononi afisa hakuulizi "tuandike nini". Anayeivunja amekosea korti, hata kama hajakugusa. Nyinyi mnachokosa ni hicho tu, kitu cha kushika kabla ya damu.

#14 Kaka_Mkubwa_Wao · saa 5:20

Asanteni wote. Mzee wa Tandika, nimempigia mdogo wangu nikamuuliza, maana naona wengi mnalisubiri. Amenunuliwa simu, Oktoba mwaka jana, siku ya kuzaliwa. Na alilipiwa chumba miezi miwili bumu lilipochelewa. Hiyo ndiyo hela yote. Alitaka kurudisha simu, jamaa akakataa kuipokea, akasema "baki nayo, utanihitaji".

#15 Mzee_wa_Tandika · saa 5:24

Si nilisema.

#16 Nyamizi_ · saa 5:26

Ulisema nini? Simu moja na kodi miezi miwili ndiyo mahari siku hizi?

#17 Fundi_Kariakoo · saa 5:41

Subirini kwanza, acheni mahari. Hiyo simu nani aliiwasha mara ya kwanza? Nani alifungua akaunti ya barua pepe ndani yake?

#18 Kaka_Mkubwa_Wao · saa 5:49

Aliiwasha yeye jamaa. Alimletea ikiwa imeshawekwa kila kitu.

#19 Fundi_Kariakoo · saa 6:10 usiku

Basi ndiyo maana anajua kantini, anajua pindi, anajua taa. Hamfuati kwa miguu, anamwangalia kwenye ramani akiwa amelala kwake, akiona yuko sehemu nzuri ndo anatokea. Kila wiki naletewa simu za namna hii, za mke, za mchumba, hata mama mmoja alimwekea mwanawe wa miaka 30.

Sikiliza vizuri, kaka. Usimwambie binti aifute yote leo usiku. Watu hukimbilia kuirudisha simu kama mpya, ushahidi wote unakwenda na maji. Kwanza apige skrinishoti za ujumbe wote, namba zionekane na tarehe zionekane, azitume kwako. Kisha aende kwenye mipangilio, aone ni akaunti ya nani inayoongoza simu. WhatsApp kuna sehemu ya vifaa vilivyounganishwa: akikuta kompyuta asiyoijua, aipige picha kabla ya kuitoa. Ramani aangalie kama anashiriki mahali alipo na nani. Aangalie programu zenye ruhusa ya kila kitu zisizo na jina la maana.

Kisha ahamie simu nyingine, hata ya kitochi. Hiyo ya zamani azime, aiweke kwenye bahasha. Nenosiri mpya aweke akiwa kwenye kifaa kingine, akibadilishia kwenye ile ile jamaa anaweza kusoma anavyoandika.

Jambo moja zaidi, mimi ni fundi si mwanasaikolojia ila nimeliona. Siku jamaa anapogundua amekatiwa ramani ndiyo siku anapokuja mwenyewe. Siku hiyo binti asiwe peke yake.

#20 Siti_ya_Mbele · saa 6:14

Mkuu nimeangalia ya kwangu, nimekuta kompyuta ya ofisi niliyoacha kazi 2022. Asante sana.

#21 Jirani_Mwema · Jumatano, saa 1:05 asubuhi

Mimi naona hamjagusa penyewe. Mwanamume mzima halali, hali, anasimama chini ya dirisha usiku wa manane? Hiyo si akili yake. Ama katengenezwa limbwata likazidi dozi, ama ana jini mahaba. Muulizeni binti kama alienda kwa mtaalamu wakati mapenzi moto.

#22 Kiroboto wa Uyole · saa 1:11

Limbwata lililozidi dozi 😂 Kumbe lina vipimo kama dawa ya malaria.

#23 Mnasihi_Mstaafu · saa 2:30 asubuhi

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nilifanya kazi ya unasihi vyuoni miaka 19.

Jirani Mwema, sitabishana na majini, ila niliokutana nao hawakuwa wa aina moja. Wengi ni wapenzi walioachwa. Hawa ndio wanaotisha zaidi, kwa sababu wanajua ratiba, wanajua rumeti ni nani na nyumbani ni wapi. Wengine hata hawakuwahi kuwa wapenzi: alisalimiwa mara moja maktaba, akajenga nyumba nzima kichwani. Wako wenye kisasi, wamefeli wanamwandama mwalimu. Na wachache ni wagonjwa kweli, wanasikia sauti. Huwezi kuwatibu wote kwa onyo moja la mdomo. Mwingine onyo linamtuliza, mwingine linamthibitishia kwamba binti "anamfikiria".

Sasa jambo ambalo mabinti hawaambiwi. Akipiga simu mara 30 halafu ukapokea ya 31 kumwambia "niache", umemfundisha kwamba bei ya sauti yako ni simu 31. Kesho atapiga 31 bila kuchoka. Sema hapana mara moja, kwa maandishi, kwa maneno mafupi yasiyo na "samahani" wala "labda", kisha usijibu tena kitu chochote. Wala matusi. Tusi nalo ni jibu.

Kuhusu ofisi: nilikuwa nasikia vitisho vyumbani kwangu na sikuwa na pa kuvipeleka. Siri ya mteja. Kule Marekani jambo hili lilifika mahakamani. Mwanafunzi mmoja wa Berkeley mwaka 1969 alimweleza mnasihi wake kwamba atamuua binti fulani. Mnasihi aliwaandikia polisi wa chuo, wakamhoji kijana, wakamwona ana akili timamu, akaahidi kukaa mbali, wakamwachia. Binti hakuambiwa. Oktoba mwaka huo aliuawa. Mahakama ya Juu ya California mwaka 1976 ikasema mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua ya kumlinda anayetishiwa, siri inakoma pale hatari kwa mwingine inapoanza. Niliposoma kesi hiyo nilikuwa nimeshastaafu. Nilikaa kimya siku nzima.

#24 Mswahili_wa_Ohio · saa 3:02 asubuhi

Mnasihi kagusa nilipokuwa naelekea. Nafanya kazi bweni la chuo hapa Marekani na kila mwaka tunapewa mafunzo haya. Mfano unaorudi daima ni chuo cha Virginia Tech, 16 Aprili 2007, mwanafunzi mmoja alifyatua risasi, watu 33 walikufa. Yule kijana alikuwa amelalamikiwa na wasichana wawili mwaka 2005 kwa kuwasumbua. Polisi wa chuo walijua hilo. Walimu wa uandishi walijua anaandika mambo ya kutisha, mmoja alimtoa darasani. Bweni walijua lao, unasihi nao walijua lao. Kila ofisi ilikuwa na kipande chake na hakuna aliyeviweka mezani pamoja. Baadaye jimbo la Virginia likavilazimisha vyuo vya umma kuwa na timu ya kupima vitisho: polisi, mlezi wa wanafunzi, unasihi, mwanasheria, meza moja. Swali lao haliwi "amevunja sheria gani?" Wanauliza "anaelekea wapi?"

#25 Bi_Shumari · saa 3:15

32, ndugu wa Ohio. Thelathini na tatu ukimhesabu na mwenyewe muuaji, na mimi simhesabu.

#26 Kiroboto wa Uyole · saa 3:19

Kwetu ofisi zinakutana meza moja siku ya chai ya mwisho wa mwaka.

#27 Mswahili_wa_Ohio · saa 3:40

Sawa Bi Shumari, 32.

Na Kiroboto, usidhani huku ni peponi. Chuo Kikuu cha Utah, Oktoba 2018, binti mwanariadha aliripoti polisi wa chuo tena na tena kwamba mwanamume aliyemdanganya jina na umri anamtishia na kumdai fedha. Alikuwa mtu aliyetoka jela kwa masharti, hata hawakuangalia. Alimuua chuoni hapo hapo. Mwaka 2020 chuo kilikubali kulipa dola milioni 13.5. Timu walikuwa nayo, ofisi walikuwa nazo, sare nzuri walikuwa nazo. Aliyepokea simu hakuona haraka.

#28 Bi_Shumari · saa 3:58

Na Chuo Kikuu cha Mansoura kule Misri, Juni 2022. Kijana alimtaka mwanafunzi mwenzake, binti akakataa, kijana akamwandama, familia ikashtaki, ikashtaki tena. Akamchinja mlango wa chuo, watu wanatazama. Akahukumiwa kifo, akanyongwa 2023, wengine wakamlilia yeye. Nilikuwa na binti yangu anasoma mwaka ule, nilimpigia kila siku saa ya kutoka darasani mpaka akaniambia mama unanifuata na wewe.

#29 Mwandishi_wa_Getini · saa 4:44 asubuhi

Mimi nilikuwa wodeni. Mnaongelea Marekani, njooni getini. Getini kuna daftari. Anayeingia anaandika "John", simu ya uongo, sahihi kama mdudu. Mlinzi ni wa kampuni, mshahara umechelewa, zamu saa 12, hajui wanafunzi kwa sura. Buku mbili inatosha kumfungulia mtu, na buku tano inatosha ampigie simu binti akitoka. Mnapanga vifungu, jamaa ana shemeji yake getini.

Kaka, toa picha ya huyo kijana, ichapishwe, mlinzi apewe mkononi na mkuu wake awepo. Bodaboda wa pale nje nao, wao ndio wanaojua nani anamuulizia nani. Na rumeti. Rumeti ndiye anayetoa habari bila kujua, anaulizwa tu "mwenzako yupo?" anajibu "kaenda saluni".

#30 Peke_Yangu_Tu · saa 5:30 asubuhi

Naombeni msinicheke. Mimi ni wa kiume na inanikuta. Dada wa darasa letu, sijawahi kuwa naye. Ananisubiri nje ya mtihani, kaandika kwenye kundi la darasa kwamba ana mimba yangu, kampigia mama yangu Singida akijitambulisha kama mkwe. Nilipoenda ofisini walicheka mpaka mmoja akafuta machozi.

#31 Kiroboto wa Uyole · saa 5:32

Mkuu wengine tunatafuta hata wa kutuulizia tumekula nini.

#32 Nyamizi_ · saa 5:40

Ona sasa. Kesho akimwagiwa kitu usoni mtasema "mbona hakusema". Peke Yangu, daftari ni lile lile: tarehe, saa, mahali, nani aliona. Mama yako aandike siku aliyopigiwa na namba. Ujumbe wa kwenye kundi upige skrinishoti kabla haujafutwa.

#33 Kiroboto wa Uyole · saa 5:44

Nimekosea, mkuu. Pole.

#34 Mzee_wa_Tandika · saa 8:10 mchana

Nimesoma yote. Ya Eldoret niliyasikia wakati ule na sikumbuki nilisema nini, pengine nilisema kama nilivyosema jana. Lakini bado nina langu. Hawa vijana hakuna aliyewafundisha kuachwa. Zamani ukikataliwa unakwenda kwa mjomba, unachekwa wiki moja, unatafutiwa kwingine. Leo yuko peke yake chumbani na simu.

#35 Mnasihi_Mstaafu · saa 8:35

Hilo nalikubali nusu, mzee. Nusu nyingine ni kwamba zamani hatukuhesabu. Shangazi zetu wangapi waliolewa na mtu kwa sababu alikuwa amekataa kuondoka uani?

#36 Kaka_Mkubwa_Wao · Ijumaa, saa 2:47 usiku

Wakuu, mrejesho. Nimepanda basi Jumatano usiku, nipo huku.

Fundi, ulipiga penyewe. Akaunti inayoongoza simu ni ya jamaa, na mahali ilikuwa inashirikishwa tangu Oktoba. Yaani hata walipokuwa wapenzi. Tumepiga picha zote, simu iko kwenye bahasha.

Tumekwenda kituo kingine, tukauliza Dawati la Jinsia na Watoto. Tumemkuta dada mmoja mwenye nyota, kasoma ujumbe mmoja mmoja bila kusema kitu, alipofika "umezima taa" akaniomba nitoke nje, akabaki na binti. Tumetoka na RB, namba ya taarifa ya polisi. Jamaa kaitwa jana. Kaja kavaa vizuri, kasema ni mchumba wake, simu ni yake, ana haki ya kujua simu yake iko wapi.

Kibaya ni hiki. Chuo sasa wanataka kusaidia, ila wanasema jamaa alimaliza mwaka jana. Si mwanafunzi wao. Kamati ya nidhamu haiwezi kumgusa.

#37 Wakili wa Uswazi · saa 3:05 usiku

Kutokuwa mwanafunzi kunarahisisha. Mwanafunzi ana haki ya kuwepo pale, yeye hana. Chuo kimwandikie barua ya kumkataza kukanyaga eneo lake, nakala polisi na getini. Akirudi ni kuingia kwa jinai, hapo hamhitaji kuthibitisha moyo wake unataka nini. Na kwa kuwa tayari mna RB, mwendesha mashtaka anaweza kuomba hakimu amtake aweke dhamana ya kulinda amani, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu. Haijazoeleka lakini ipo. Mkikwama hela ya wakili, TAWLA na WLAC wanatoa msaada wa kisheria bure kwa wanawake.

#38 Akinyi_wa_Pwani · saa 3:12

Si hiyo ndiyo karatasi ya kushika niliyokuwa nasema?

#39 Wakili wa Uswazi · saa 3:14

Ni binamu yake. Msije mkadai tumewaiga.

#40 Jirani_Mwema · saa 3:20

Hata hivyo, binti asomewe dua. Haina madhara.

#41 Kaka_Mkubwa_Wao · saa 3:26

Bibi kashasoma, Jirani. Kwa simu, spika wazi, rumeti wote wameitikia amina.

#42 Fundi_Kariakoo · saa 3:31

Kaka, ramani ilikatika lini?

#43 Kaka_Mkubwa_Wao · saa 3:33

Alhamisi saa tano asubuhi.

#44 Fundi_Kariakoo · saa 3:34

Amekuja?

#45 Kaka_Mkubwa_Wao · saa 3:52

Alikuja jana usiku. Binti hakuwepo, nilikuwa nimemhamishia kwa mama mdogo wa rafiki yangu, mjini. Rumeti wanasema alifika mpaka koridoni, akagonga mlango wao mara tatu, taratibu, akaondoka.

#46 Mwandishi_wa_Getini · saa 3:58

Koridoni? Hosteli ya wasichana, usiku? Picha si mlitoa?

#47 Kaka_Mkubwa_Wao · saa 4:01

Tulimpa mlinzi wa mchana Alhamisi, mkuu wake akiwepo kama ulivyosema.

#48 Mwandishi_wa_Getini · saa 4:02

Na wa usiku?

#49 Kaka_Mkubwa_Wao · saa 4:20

Nimetoka kwake sasa hivi. Nilipomwonyesha picha akasema, "Huyu si yule kaka yake wa Mwanza?"